Ukuta wa Dodoma Jiji: kubomoa au kuziba nyufa?

Kila ligi inapokwenda mapumzikoni, mazungumzo ya mashabiki wa Dodoma Jiji hurudi palepale: mabeki. Msimu wa 2024/25 umeuongezea moto huo kuni. Wapo wanaotaka safu nzima ya ulinzi ipewe mkono wa kwaheri na kazi ianze upya. Wapo pia wanaoona kwamba timu ambayo haijashuka daraja tangu ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21 haina sababu ya kujibomolea nyumba kwa hasira. Pande zote mbili zina hoja, na zote mbili, kwa maoni yangu, zinalitazama tatizo hatua chache nyuma ya mahali lilipo. Sitataja majina ya mabeki wa timu, kwa kuwa dirisha la usajili likiwa wazi orodha ya asubuhi si orodha ya jioni. Nitazungumzia nafasi na mahitaji yake.

Nianze na mechi tatu, kwa sababu ndizo zinazotajwa kila mjadala unapopamba moto. Septemba 29, 2024, Simba ilitoka Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, na ushindi wa bao 1-0, lililofungwa kwa penalti na Jean Charles Ahoua. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, katika uwanja uleule, Yanga ilishinda 4-0. Machi 2025, jijini Dar es Salaam, Simba ikashinda 6-0. Hayo ni mabao 11 katika mechi tatu, na anayetaka kuwahukumu mabeki anaweza kufunga faili hapohapo. Hata hivyo, mechi hizo hazisemi jambo moja. Timu iliyofungwa sita na Simba ndiyo ileile iliyokuwa imeibana Simba hiyohiyo kwa dakika 90, ikafungwa bao moja tu, tena la penalti. Swali la mchambuzi ni nini kilibadilika kati ya Septemba na Machi.

Wanaotaka ukuta mpya wanajibu kwamba hakuna kilichobadilika, ila ubovu uliokuwa umefichika ulifichuliwa. Hoja yao ina uzito kuliko inavyopewa. Katika mechi ya Septemba timu ilikaa nyuma, ikajaza watu mbele ya lango na kumwachia mpinzani mpira. Ulinzi wa namna hiyo unaweza kuficha mwendo mdogo wa beki wa kati, kwa sababu hana uwanja wa kukimbizwa. Timu inapofungwa bao la mapema hulazimika kupanda kutafuta la kusawazisha, na hapo nyuma ya mabeki hubaki eneo ambalo mshambuliaji mwenye kasi analiona kama barabara ya lami. Beki anayehitaji wenzake wanane karibu yake ili aonekane mzuri, wanasema, si beki wa kupewa mkataba mwingine wa miaka miwili. Wanaongeza kuwa katika ligi yenye timu 16, ambamo mbili za mwisho hushuka moja kwa moja na nafasi ya 13 na ya 14 hupelekwa kwenye mechi za mchujo, kumwonea mtu haya ni anasa. Kagera Sugar ilizoeleka Ligi Kuu kwa miaka mingi, na mwisho wa msimu wa 2024/25 ilishuka pamoja na KenGold. Mazoea hayakuiokoa.

Nakubaliana nao kuhusu hayo yote, lakini sikubaliani na ushahidi wanaoutumia. Kati ya Krismasi na ile 6-0 kuna jambo ambalo haliwezi kurukwa. Februari 2025, basi la timu lilipata ajali mkoani Lindi likirejea kutoka Ruangwa ilikochezwa mechi dhidi ya Namungo, kukawa na majeruhi, na mechi ya Simba iliyokuwa ikifuata ikaahirishwa. Hiyo mechi iliyoahirishwa ndiyo iliyochezwa Machi na kuisha kwa mabao sita. Mwezi mmoja baada ya tukio la namna ile, mtu anaweza kuwa amepona jeraha la mguu na bado hajarudi kwenye kasi ya mchezo, na hakuna idara inayoumbuliwa na nusu hatua ya kuchelewa kama ulinzi. Mshambuliaji akichelewa nusu hatua hukosa bao ambalo watu watalisahau. Beki akichelewa nusu hatua huokota mpira wavuni. Kwa hiyo mabao yale sita ni ushahidi dhaifu wa kumfukuzia mtu kazi, ingawa mabao manne ya Desemba, yaliyofungwa kabla ya ajali na nyumbani, yanabaki kuwa deni lisilo na kisingizio.

Upande wa pili unatetea mwendelezo. Hoja yake kuu ni kwamba mabeki wanne na kipa ni kama watu wanaobeba jeneza: mmoja akibadili mwendo, wote huyumba. Kupanda pamoja ili mpinzani aotee, kujua nani anaruka na nani anabaki kusafisha, kuelewana kwa jicho wakati wa kona, yote hayo hujengwa kwa mechi, wala hayanunuliwi dirishani. Timu za majeshi, kama JKT Tanzania na Mashujaa, hunufaika hapa kwa sababu baadhi ya wachezaji wao wana ajira na hawahami kila msimu. Timu ya halmashauri haina kamba ya namna hiyo ya kumfungia mtu, hivyo kila anayebaki ana thamani kubwa kuliko jina lake. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila katika usajili wa klabu zetu za kati kosa la kawaida ni la kinyume, yaani kujenga ukuta mpya kila mwaka kwa sababu ya ufa mmoja. Na kwa kuwa timu yenyewe inaitwa Walima Zabibu, inafaa kukumbuka kwamba mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hupogoa mzabibu baada ya mavuno bila huruma, lakini haung'oi shina, na huacha macho ya kuchipua msimu unaofuata.

Mfano unaopendwa na upande huu ni Coastal Union ya msimu wa 2023/24. Haikuwa timu ya mabao mengi wala ya fedha nyingi, lakini ilimaliza ya nne na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, huku kipa wake, Ley Matampi, akiongoza ligi nzima kwa mechi alizomaliza bila kufungwa. Walioifikisha pale walikuwa wachezaji wachache, waliopangwa vizuri, na mbele yao kulikuwa na viungo waliokubali kazi chafu. Mfano huu ni mzuri, lakini wanaoutumia huishia katikati ya hadithi. Msimu uliofuata Coastal haikurudi kwenye nafasi ile. Ulinzi ukisifiwa huvuta wanunuzi, na klabu ndogo ikishikilia mwendelezo bila kuandaa warithi, mwendelezo huo una uhai wa msimu mmoja.

Hapa ndipo ninapoachana kidogo na pande zote mbili. Mjadala wetu umejaa namba nne na namba tano, yaani mabeki wa kati, wakati tatizo la timu za daraja hili mara nyingi huanzia kwa namba sita, yaani kiungo mkabaji, na kwa mabeki wa pembeni. Beki wa kati huonekana kwenye picha ya bao kwa sababu ndiye aliye karibu na mfungaji, na kamera haimwonyeshi kiungo aliyepotea sekunde tano kabla. Kiungo mkabaji anayejua kusimama, asiyekimbilia kila mpira, humpunguzia beki wa kati maamuzi magumu. Humzuia mpinzani kugeuka na kutazama lango, huokota mpira wa pili, yaani ule unaorudishwa kwa kichwa, na hufunika pembeni beki anapopanda. Timu ikimkosa mtu huyo, hata beki wa Taifa Stars angeonekana mzee. Kwa hiyo fedha inayotafutiwa beki wa kati wa kigeni ningeipeleka kwanza kwenye nafasi hiyo.

Namba tatu, yaani beki wa kushoto, inafuata kwa umuhimu. Mabeki wa kushoto wanaotumia mguu wa kushoto kwa asili ni adimu katika ligi yetu, na makocha wengi humhamishia pale mtu wa mguu wa kulia. Madhara yake huonekana kwenye krosi. Beki huyo akikabiliwa na winga anayekwenda chini kwenye chaki ya mstari wa pembeni, mguu wake wa kuzuia uko mbali, na krosi inapita. Beki wa kati akipokea krosi 15 kwa mechi atakosea moja, hata akiwa bora kiasi gani. Akipokea sita, huenda akamaliza bila doa, na Jumatatu asubuhi tutasema amebadilika, kumbe waliobadilika ni majirani zake.

Katika kusajili beki wa kati mwenyewe, mvutano uko kati ya mkongwe aliyeachwa na klabu kubwa na kijana anayetafuta jina. Mkongwe ana faida isiyo ndogo: anajua kusoma mchezo, anaongea uwanjani, na haogopi kelele za Kariakoo. Lakini mshahara wake ni mkubwa, mwili wake unadai mapumziko, na ratiba ya safari ndefu za basi kwenda Kigoma, Mbeya au Ruangwa haimsamehi. Kijana ana mwendo na njaa, ila atakosea, na makosa ya beki hugharimu pointi. Historia ya karibuni inampa kijana nafasi kuliko tunavyodhani. Bakari Mwamnyeto alitokea Coastal Union kabla ya kwenda Yanga mwaka 2020, Dickson Job alitokea Mtibwa Sugar, na Ibrahim Hamad "Bacca" alichukuliwa KMKM ya Zanzibar. Hakuna kati yao aliyezaliwa mkubwa. Job hata si mrefu, jambo ambalo wasajili wetu hulichukulia kama dosari isiyosameheka kwa beki wa kati. Katika CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars ilifika robo fainali, ikatolewa na Morocco kwa bao 1-0, na katika mechi zote tano iliruhusu mabao mawili tu. Nafasi 12 za wageni ambazo kanuni inairuhusu kila klabu ni ruhusa, si wajibu, na kwa klabu yenye bajeti ya kati naona ni busara kuzitumia zaidi mbele ya kiungo kuliko nyuma yake.

Kuna suala la fedha, ambalo mashabiki hulisema kwa sauti ya chini kwa kuwa timu ni ya Halmashauri ya Jiji. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi, wakati dirisha linachangamka. Taratibu za matumizi ya umma ni za hatua kwa hatua, na beki huru mwenye ofa mbili mkononi hasubiri vikao. Hili lina upande wake mzuri, kwamba mishahara ina mdhamini asiyehama kama tajiri mmoja anavyoweza kuhama. Upande wake mbaya ni kwamba klabu hujikuta inachagua miongoni mwa waliobaki. Ndiyo maana kuwabakiza walio bora mapema, kabla mikataba haijaisha, kuna maana zaidi hapa kuliko kwa Singida Black Stars au Azam.

Kuhusu kipa nitasema kifupi. Uamuzi wa nani ni namba moja ufanyike kambini na si baada ya mechi ya tano. Mabeki hucheza kwa kuzoea sauti ya mtu mmoja, na kubadilisha kipa kila anapofungwa ni kubadilisha safu nzima bila kusajili mtu.

Ningekuwa kwenye benchi la ufundi, basi, ningewabakiza mabeki wa kati wawili waliocheza mechi nyingi zaidi pamoja, nikamwongeza kijana mmoja wa ndani wa kukua chini yao, nikasajili kiungo mkabaji na beki wa kushoto wa asili, na hapo ningefunga pochi. Wanaotaka mabadiliko makubwa wataona hiyo ni nusu ya dawa, na huenda wakawa sahihi iwapo wawili hao wataanza kukimbizwa tena kama siku ile ya Krismasi. Kipimo changu hakitakuwa mechi za Simba na Yanga, ambazo ni nne kati ya 30. Nitatazama mechi za mwanzo hapa Jamhuri saa 10 jioni, vumbi na upepo wa Dodoma vikiwa bado havijatulia na mvua ikiwa miezi miwili mbele, dhidi ya timu kama Mtibwa Sugar na Mbeya City zilizopanda msimu wa 2025/26 na zinazopiga mipira mirefu bila aibu. Mpira mrefu katika upepo ule hubadili nia ukiwa angani, na nitahesabu ni mara ngapi mpira wa pili unaangukia mguu wa mtu wetu.