Chembe moja, picha mbili

Wanaozikosoa chembe za nano (ndogo mno kuliko seli) zenye kazi mbili, yaani kiini cha oksidi ya chuma kwa ajili ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) na juu yake rangi inayong'aa mbele ya kamera, wana swali la haki: za nini, na dawa zipo? Gadolini, dawa ya kudungwa, huonyesha uvimbe kwenye MRI. Indosianini kijani, rangi inayong'aa mbele ya kamera, imeruhusiwa Marekani tangu 1959. Mtu si azitumie zote mbili, kila moja kwa wakati wake?

Swali hilo linasahau chumba cha upasuaji. MRI ya jana ilionyesha uvimbe wa ubongo ulipo. Leo fuvu limefunguliwa, majimaji yametoka, na ubongo umesogea, pengine kwa zaidi ya sentimita moja. Ramani ni ile ile, ardhi imehama. Gadolini nayo imeshatoka na mkojo. Chembe ya chuma hubaki ndani ya seli kwa siku kadhaa, kwa hiyo kinachong'aa mbele ya daktari ndicho kilichotia doa jeusi kwenye MRI. Watafiti wa Boston walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2003.

Kisha wakosoaji huleta hoja ya asilimia 0.7. Mapitio ya mwaka 2016 yalipima tafiti za miaka kumi, yakakuta kuwa katika tafiti nusu, chembe zilizofika kwenye uvimbe hazikuzidi kiwango hicho cha zilizodungwa. Kwa dawa ya kuua saratani, hiyo ni aibu. Picha, hata hivyo, haidai wingi; inadai uvimbe utofautiane na jirani yake, na ubongo wenye afya karibu hauzipokei kabisa chembe hizi. Zilizobaki? Nyingi huishia kwenye ini na wengu, ambako chuma huvunjwa na kutumika kutengeneza damu. Ferumoxytol, chembe ya chuma iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2009, ni dawa ya upungufu wa damu. (Mwaka 2015 iliongezewa onyo kali la mzio unaoweza kuua; silipuuzi.) Chembe zenye kadimi, metali yenye sumu, ni habari nyingine, hizo nisingetaka zilale kwenye ini la mtu.

Ugumu wa kweli ni kwamba MRI huhitaji dozi kubwa mno kuliko kamera, na chuma humeza mwanga wa rangi iliyokaribiana nacho mno. Tabaka la silika (kitu kama kioo) katikati hupunguza hilo la pili. Tatizo la pesa halina tabaka la kulipunguza: Feridex, chembe ya chuma ya kupiga picha ini iliyoruhusiwa mwaka 1996, iliachwa kutengenezwa 2008 kwa kukosa wanunuzi wa kutosha.