Sungura wa chokoleti na mtoto wa Kengeleni

Alhamisi Kuu, saa ya chai, mwenzangu wa zamu aliniwekea mezani sungura wa chokoleti, kavikwa karatasi ya dhahabu, shingoni kakengele. Tunafanya kazi makao ya wazee, karibu na Stuttgart. "Na kwenu Mombasa mna sungura wa Pasaka?" Nikacheka. Nikamwambia hatuna, sisi tuna pilau. Akafurahi, akaenda zake kugawa dawa, nikabaki na sungura wangu na aibu yangu.

Maana jibu lenyewe lilikuwa kooni. Mimi mtoto wa Kengeleni, niliyekulia kwaya na kayamba, niliyekuwa nikipaza "Kristo amefufuka!" kanisa zima likarudisha "Amefufuka kweli kweli!" mpaka mabati yakaitika. Leo naulizwa na mtu mmoja, mpole, tena kauliza mwenyewe, namjibu pilau.

Nawasikia tayari. "Huyo keshaingia ubaridi, keshakuwa Mzungu." Shangazi ataandika kwenye grupu la familia kwamba mkataa kwao mtumwa. Haya, subirini basi nimalize.

Huku Ijumaa Kuu sheria inazuia hata disko. Maduka yamefungwa, na Jumatatu yake ni sikukuu vilevile. Kimya kile, nisiwadanganye, nakipenda. Hakuna spika inayokuamsha saa tisa za usiku. Hakuna mtu anayekubana kwenye feri ya Likoni, hajamaliza "Bwana asifiwe" kashataja namba ya M-Pesa. Na baada ya Shakahola, kule mhubiri alikowafungisha waumini mpaka mamia wakafa, asiniambie mtu kwamba kila mwenye kipaza sauti ana Injili mkononi. Hilo nililisema nilipokuja likizo, nikaambiwa najishaua. Sijishaui. Masikio yangu ni yaleyale, ila yamepumzika.

Lakini ndani ya kimya hicho mna kitu kinachonitia uchungu. Wameshika siku, wamesahau habari. Huku hakuna atakayekurushia jiwe kwa kumtaja Yesu. Unachoogopa ni kuonekana mshamba. Imani kwao ni kama mshahara, haizungumzwi mezani. Nami nimejifunza adabu hiyo haraka kuliko nilivyojifunza Kijerumani.

Nikilinganisha na kwetu, namkumbuka jirani yetu, Mwislamu wa swala tano. Asubuhi ya Pasaka alikuwa akituletea mahamri yamefunikwa kwa kitambaa, anasimama mlangoni: "Haya, kafufuka?" Nasi, "Kafufuka, Bi Mkubwa!" Anacheka, anaingia. Hakuamini wala hakujifanya anaamini. Ila alijua tunafurahia nini. Idi tulikuwa kwake sisi, tunakula mpaka tunashindwa kuinuka. Mwenzangu wa zamu kabatizwa utotoni, ana jina la mtume, na habari ya Pasaka anayoijua ni mayai.

Sasa hapo mtaniambia, "Si unaona kwetu ni kuzuri?" Ngojeni. Kwetu sikuwa jasiri hata siku moja. Nilikuwa katikati ya watu mia tatu wanaosema "amina". Hofu yenyewe sikuwahi kukutana nayo, basi ningeishinda wapi?

Jumamosi nikapanda treni, vituo vichache tu, mpaka Korntal. Krapf na Rebmann, wamisionari wa Kijerumani, wamezikwa hapo. Ndiyo, haohao wa misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka uleule akamzika mkewe Rosine, na kitoto chao kichanga pia, upande wa bara, ng'ambo ya Kisiwa. Rebmann akamfuata mwaka 1846 na hakuondoka mpaka 1875, macho karibu yamekufa. Miaka yote hiyo waongofu walihesabika kwa vidole.

Kuna atakayesema hao ndio waliowafungulia njia wakoloni. Tubishane siku nyingine, na huenda nikakuunga mkono zaidi ya unavyodhani. Nilichokuwa nacho makaburini pale ni hesabu ndogo tu: Krapf alizika wawili mwanzoni mwa safari yake na bado akasema. Mimi nimenyamazishwa na sungura.

Na wale wanawake wa kaburini je? Marko anasema walikimbia, wasimwambie mtu neno, maana waliogopa. Mahubiri ya nyumbani huwa yanaruka mstari huo haraka, yanakwenda kwenye vigelegele. Mathayo naye anasema waliondoka "kwa hofu na furaha nyingi", wakipiga mbio. Nilirudi na treni nikiyatafuna maneno hayo. Hofu hawakuiacha kaburini. Walikimbia nayo.

Jumatatu ya Pasaka tulikuwa zamu moja tena. Tulikuwa tunatandika kitanda, yeye kashika ncha ile, mimi hii. Nikamwambia, "Juzi uliniuliza, nikakujibu nusu." Mikono ilikuwa inanitetemeka, jamani, kwa shuka! Nikamsimulia: mkesha, giza, mshumaa mmoja unawasha mwingine, halafu ule ukelele wa "Amefufuka!" na kina mama wanaocheza mpaka vilemba vinaanguka. Nikamwambia kwamba naamini ni kweli, kwamba kaburi lilikuwa tupu, na kwamba ndiyo maana msiba wa baba haukunimaliza. Nikajikuta nacheka katikati ya maneno, furaha ileile ya mabatini.

Alinyamaza. Akaipiga shuka mikunjo. "Bibi yangu alikuwa akisema hivyo," akaniambia. "Alikuwa na namna ya kuitikia. Nimeisahau."

Halafu akaniuliza hiyo pilau inapikwaje. Nimeahidi kumpikia Jumapili. Mwenye kujua duka la bizari nzima upande huu wa Stuttgart anipe habari, hii ya supamaketi haina harufu.