Kumfuata mwenza ughaibuni kabla viza ya kuhamia haijatoka: nani apande ndege?

Miji ya watalii huzaa ndoa za mbali. Arusha na Moshi wapo wapagazi, wapishi wa mlimani, waongoza watalii na wahudumu wa hoteli waliooa au kuolewa na watu wa Marekani, Canada na Ulaya. Wapo pia Watanzania waliotangulia ughaibuni, wakarudi kuoa nyumbani. Harusi ikiisha, mmoja hurudi kazini kwake ng'ambo, faili la uhamiaji hufunguliwa, na kusubiri kunaanza. Hapo ndipo swali linapoibuka kwenye vikao vya familia: wakati viza ya kuhamia inasubiriwa, kuna ubaya gani kuomba ya matembezi, mtu akamwone mwenzake wiki tatu kisha akarudi?

Wanaosema aende wana hoja, tena si ya mapenzi tu. Ofisa anayepima maombi ya ndoa anatafuta ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, na mihuri kwenye pasipoti, tiketi na picha za pamoja ni sehemu ya ushahidi huo. Halafu kuna suala la kuona kabla ya kuhama. Mtu anaacha kazi, wazazi na duka lake ili akaishi kwenye baridi ambayo hajawahi kuionja. Si vibaya akaijua nyumba na wakwe kwanza. Na kwa sheria ya kawaida hajafungiwa: kuwa na faili la uhamiaji hakumnyimi mtu viza ya matembezi moja kwa moja, wala kunyimwa viza ya matembezi kwa sababu ofisa hakuamini kwamba utarudi hakuui faili la ndoa. Hilo la pili wengi hawalijui, na hofu yao inatokana na hapo.

Wanaopinga huanzia kwenye kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952. Kinasema anayeomba viza ya matembezi ahesabiwe mhamiaji mpaka amridhishe ofisa kwamba sivyo. Sasa mfikirie mke ambaye mumewe ameshapeleka fomu I-130 akisema anataka mkewe ahamie kwake. Ana dakika chache dirishani pale ubalozini Dar es Salaam kumshawishi ofisa kwamba safari hii, hii moja tu, hana nia ya kubaki. Ada ni dola 185, hairudishwi, na uamuzi huo hauna rufaa. Ongeza nauli ya basi kwenda na kurudi, na usiku wa gesti.

Hatari kubwa zaidi inakuja kwa sura ya msaada. Fomu ya maombi, DS-160, inauliza waziwazi kama kuna mtu aliyewahi kukuombea uhamiaji. Hapo ndipo mjuzi wa kujaza fomu, mara nyingi ni kijana wa stesheneri au ndugu aliyewahi kusafiri, anaposhauri: weka "hapana", utawachanganya bure. Faili lenyewe liko kwenye mfumo wao! Anayenyimwa viza amepoteza ada na nauli. Anayedanganya kwa makusudi anaangukia kifungu cha 212 cha sheria hiyohiyo, kinachoweza kumfungia Marekani maisha yake yote, na msamaha ni wa kuomba, si haki yake. Uongo wa kutafuta wiki tatu unaweza kuondoka na ndoa nzima.

Tuseme amesema kweli. Ataulizwa kinachomrudisha nyumbani, na hapa vipimo vya ubalozi na maisha ya Kaskazini haviendani. Mpagazi au mwongoza watalii anapata fedha zake kwa msimu, sehemu kubwa ikiwa bakshishi mkononi, kwa hiyo taarifa yake ya benki inaonekana kama ya mtu asiye na kazi. Ardhi ya Mchagga ni kihamba, kimeshuka kutoka kwa babu, mipaka yake inajulikana kwa masale, mimea ya kuwekea mipaka, na kwa wazee wa ukoo, na mara nyingi hakina karatasi. Hakuna kitu kinachomfunga mtu na nyumbani kuliko hicho, lakini huwezi kukipitisha dirishani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, na kuifuatilia ni jambo jema hata bila viza. Ila kukigawa kihamba haraka haraka ili kijana apate karatasi ya kumwonyesha ofisa, mimi nauita ugomvi wa ukoo uliolipiwa kwa dola.

Bunge la Marekani lenyewe liliwahi kuona tatizo hili. Desemba 2000 lilitunga viza ya K-3, mahususi kwa wenza wa raia wanaosubiri. Sharti lake ni kwamba I-130 iwe bado haijaamuliwa, na kwa kawaida huamuliwa kabla K-3 haijafika popote, ikafia hapo. Kisha likaja tangazo la Rais Donald Trump la Desemba 16, 2025, lililoanza kutumika Januari 1, 2026. Liliiingiza Tanzania kwenye nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu: viza za kuhamia na za matembezi, zote mbili. Kusubiri kukawa kusikojulikana mwisho, na njia ya pembeni ikafungwa siku hiyohiyo. Aliyekuwa na viza halali mkononi siku ile hakuguswa, na kwake swali bado liko hai. Akienda, aende na ukweli wake wote, kwa sababu ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kumrudisha, na asivuke tarehe aliyopewa. Kuzidisha zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka ni miaka 3 nje. Kuzidisha mwaka ni 10.

Canada ni habari nyingine, na wanaotoa ushauri mitaani huichanganya na Marekani kila siku. Sheria yake ya 2001, kifungu cha 22, inatamka kwamba nia ya kuhamia haimzuii mtu kuingia kwa muda, mradi ofisa aridhike kwamba ataondoka muda ukiisha. Mei 2023 serikali yake ilitangaza kuharakisha viza za matembezi za wenza wenye maombi ya ndoa. Kwa hiyo mtu wa Sakina au Majengo mwenye mume Toronto, namshauri aombe bila woga, huku akitaja faili lake. Mtego uko mbele: akishafika, atashawishiwa kuyahamishia maombi ndani ya Canada. Maombi ya ndani yakikataliwa mdhamini, yaani mwenza aliyeko kule, hana rufaa ile aliyonayo kwa maombi ya nje.

Kwa Marekani naona bora asafiri yule mwenye pasipoti yao. Raia wa Marekani hulipa dola 100 za viza ya Tanzania, na hata Mchagga wa Machame aliyechukua uraia wa huko si raia wa hapa tena, maana hatuna uraia pacha. Lakini nako kuna gharama isiyosemwa kwenye vikao. Mdhamini lazima aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa Marekani, na kwamba makazi yake yako kule. Anayeacha kazi akapanga nyumba Njiro nusu mwaka anamfurahisha mkewe huku akilidhoofisha faili lake. Mwenye green card, kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, ndiyo kabisa. Akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea anaiweka kadi yenyewe hatarini.

Wiki tatu za Aprili zinatosha, mvua ikiwa imefunga njia za mbugani na mwenyeji wake hana wageni wa kuwapeleka Serengeti. Tiketi, risiti na picha za wiki hizo zihifadhiwe kwa ajili ya mahojiano.