Mwani ndani ya uboho: ushahidi wa kuaminiwa kiasi gani Kigoma?

Maiti ikiopolewa pale Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, swali gumu ni hili: huyu alikufa maji, au alitupwa majini akiwa ameshakufa? Maji mapafuni hayatoshi kujibu, maana huingia hata kwa maiti. Ndipo hutafutwa daiatomu, mwani wa seli moja wenye ganda la silika lisilooza.

Anayezama akiwa hai huvuta maji. Daiatomu ndogo hupenya kuta za mapafu na, moyo ukiwa bado unadunda, damu huzifikisha kwenye ini, figo na uboho. Uboho wa fupa la paja ndio wa kutegemewa zaidi, kwa kuwa umefungiwa ndani ya mfupa hata mwili ukiwa umeharibika. Mfupa husafishwa nje, hukatwa, uboho huchemshwa kwa asidi ya nitriki mpaka nyama na mafuta viishe, mashapo huoshwa mara kadhaa, kisha hutazamwa kwa hadubini.

Wapinzani wana hoja nzito. Daiatomu zimewahi kukutwa kwa watu ambao hawakufa maji: huingia kwa chakula, kwa maji ya kunywa, hata kwa vumbi. Na Kigoma dagaa huliwa mzima, utumbo wake humohumo! Uchafuzi wa maabara ni mbaya zaidi. Maji ya bomba yanazo. Kisu kilichopasua mapafu kikigusa figo, kimezihamisha. Kwa hiyo asidi na maji matupu lazima vipitishwe hatua zilezile. Ganda likionekana humo, majibu yote yana doa. Ganda moja au mawili kwenye uboho, kwa maoni yetu, si ushahidi.

Kutozikuta nako hakuthibitishi lolote: huenda maji yalikuwa na daiatomu chache, au mtu alikufa kabla ya kuvuta maji mengi. Na zikikutwa, hazisemi kama aliteleza mtumbwini au alisukumwa.

Nguvu halisi iko kwenye kulinganisha aina. Za mtoni wenye tope si lazima ziwe zile za ziwani, na idadi hubadilika kwa msimu, hasa upepo wa kiangazi unapopandisha virutubisho kutoka kina kirefu. Hivyo lita moja ya maji ichotwe siku ileile, pale maiti ilipopatikana na pale anapodhaniwa kuzamia, kila chupa na lebo yake, ikitiwa ayodini mpaka maji yafanane na chai nyepesi. Maji yaliyochotwa miezi mitatu baadaye, wakili yeyote makini atayakataa.