Eleanor Ormerod na barua za wakulima

Wanaosimulia wataalamu wa wadudu wa Uingereza ya karne ya 19 hupenda waliovuka bahari: Bates kule Amazon, Wallace visiwani Malay. Mimi namweka mbele mwanamke aliyebaki nyumbani, wadudu wakamfuata kwa posta.

Eleanor Ormerod alizaliwa mwaka 1828 Gloucestershire, binti wa mwenye shamba kubwa, na alisomeshwa nyumbani. Mwaka 1868, jumuiya ya kifalme ya bustani ilipoomba wadudu wenye faida na wenye hasara kwa binadamu, aliwaomba vibarua wa shambani wamsaidie kuwaokota. Watu hao waliujua kila mmea unaoliwa na kila anayeula, ila ilikuwa nadra msomi kuwauliza.

Mwaka 1877 alichapisha kijitabu akaomba taarifa: mdudu gani ameonekana, lini, kwenye zao gani, na nini kilisaidia kumzuia. Majibu yakamiminika, maana tangu 1840 barua nyepesi ilifika kokote nchini kwa peni moja. Pamoja na barua zilikuja sampuli. Kiwavi au buu peke yake mara nyingi hatoshi kumtambulisha mdudu, hivyo ilibidi afike hai, alishwe majani aliyoyazoea, alelewe mpaka ageuke nondo au mbawakavu. Dada yake Georgiana alimsaidia kwa michoro.

Ripoti zake zilitoka kila mwaka hadi 1900. Ndani yake mkulima anaeleza kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake limeandikwa. Hilo ndilo ninalolithamini kuliko yote. Leo tafiti nyingi huchota maarifa ya wakulima kisha zikawashukuru kwa jumla kwenye mstari mmoja, na naona hiyo ni dhuluma.

Njia yake ilikuwa na kasoro. Anayeandika barua ni aliyeumizwa. Aliyeliwa ngano na shomoro atalalamika, lakini asiyepata hasara hana sababu ya kununua stempu. Nadhani hilo lilichangia Ormerod kuwapiga vita shomoro kwa ukali uliomletea wapinzani wengi, na hapo siko upande wake.

Kuanzia 1882 aliishauri jumuiya ya kifalme ya kilimo kwa miaka kumi bila mshahara. Mwaka 1900, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa sheria, mwanamke wa kwanza kuipata chuoni hapo. Alistahili, na walichelewa.