Mama Ngina: upepo wa bahari na bei yake

Nikifika Mama Ngina Drive, ufuoni mwa kisiwa cha Mombasa, kabla ya magharibi, jambo la kwanza ninalotazama ni watu waliokuja mikono mitupu. Hawakununua dafu, hawana gari, hawangojei feri ya Likoni. Wamekuja kupunga upepo tu. Kwa watu hawa ndipo ninapoupimia mradi wa mwaka 2019 wa kuutengeneza upya ufuo huu, na ndiyo maana sijaweza kuusifu wote wala kuulaani wote.

Ufuo huu wa kusini mwa kisiwa umebadilishwa kazi mara nyingi. Jina la Kilindini lenyewe linatokana na kilindi, maji ya kina, na meli zinazoingia bandarini hupita chini ya ukingo huu karibu sana, hata mtoto akimpungia mkono baharia ataonekana. Wakilindini, ambao pamoja na Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, walikuwa na mji wao wa Tuaka upande huu wa kisiwa kabla ya kuhamia Mji wa Kale. Wakoloni walipokuja, sehemu ya ufuo ikawa uwanja wa gofu: klabu ya gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911. Barabara ikaitwa Azania Drive. Baada ya uhuru ikapewa jina la mke wa rais wa kwanza, na wananchi wakaigeuza baraza yao ya Jumapili na ya sikukuu.

Mibuyu ndiyo iliyobaki. Naamini imesalimika kwa sababu pahali hapa palikuwa hapana kazi machoni pa wenye fedha. Palipopata kazi, miti hukatwa.

Sasa basi, mradi. Serikali ilitengeneza ekari 26 kwa gharama ya shilingi milioni 460 hivi, na Sikukuu ya Mashujaa ya Oktoba 20, 2019 ikafanyika hapo. Wanaoutetea wana hoja nzito. Zamani giza likishaingia, mwanamke mwenye watoto aliharakisha kuondoka. Siku hizi taa zipo, na usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe utaona familia nzima zimekaa, nyanya kwenye benchi, wajukuu wakikimbizana. Anayesema tungeliacha lile giza kwa ajili ya uasili hajawahi kuwa na binti wa kumsindikiza nyumbani.

Lakini upande wa pili nao una haki yake, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Palipokuwa nyasi na mchanga pamewekwa saruji. Wachuuzi waliondolewa kupisha ujenzi, na mpango mpya uliwataka wawe vibandani. Kibanda ni heshima, sikatai: kina kivuli na mahali pa kuweka mizigo. Ila kibanda kina kodi, na biashara ya muhogo ni ya mtaji mdogo mno. Mama mmoja ninayemnunulia huuweka muhogo juu ya makaa, akaugeuza kwa vidole bila kibanio, akaupasua katikati mvuke ukatoka, kisha akauliza, "Nikutilie pilipili, mwanangu?" Nami humjibu, "Tia, mama, na ndimu usiisahau." Anasugua nusu ya ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili, ananikunjia kwenye gazeti. Mali yake yote ni jiko, karai na kigoda. Mtu huyu ukimtoza kodi ya mwezi, hutamwona tena, na bei ya muhogo itapanda kwa anayebaki.

Jambo jingine ni tamasha. Uwanja uliopambwa huvuta mikutano, na siku ya mkutano mkubwa askari husimama njiani na anayetaka kupunga upepo hurudishwa. Nakubali kwamba mji unahitaji mapato, na watalii wanaokuja kutazama wanaacha fedha. Siwaonei kinyongo. Ninachokataa ni kufungwa kwa ufuo wote kwa wakati mmoja, hali watu wa Majengo hawana ufuo mwingine wa bure ulio karibu hivi na stendi ya matatu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linaandikika kwenye mkataba wowote wa kuuendesha uwanja: njia ya ukingoni, kuanzia kwenye mibuyu hadi Lighthouse, penye mnara wa taa, isifungwe siku yoyote, na wenye jiko na karai wapewe nafasi yao pembeni yake bila kodi ya kibanda.