Nguruwe Aliyelalia Nati ya Raleigh

Kutu ya baiskeli ya Kiingereza ina dawa nyingi. Mimi natumia molasi, yale masalia mazito meusi ya kutengeneza sukari. Hapa Moshi si kitu cha kutafuta kwa tochi. Kiwanda cha sukari cha TPC kiko Arusha Chini, na wafugaji hununua molasi kwa madumu ili ng'ombe wakubali kula mabua makavu. Unapima sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, unazamisha chuma chote, unafunika, unasubiri wiki mbili. Haili chuma kizima kama asidi ya betri, na rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri huiacha mahali pake. Ila kwa joto letu, kabla wiki haijaisha, inachachuka. Inatoa mapovu, inachemka bila moto, na inanuka. Harufu yake kila mtu mtaani anaijua, na hakuna hata mmoja anayeisikia akafikiria kutu.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh nyeusi ya breki za vyuma, zile ambazo wazee walipandia kanisani wakiwa wamekaa wima kama mahakimu. Kwenye gamba la habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, iliyotengenezwa na Sturmey-Archer na yenye gia tatu, pamepigwa chapa AW 54 8, maana yake habu ilitengenezwa Nottingham mwezi wa nane mwaka 1954. Siti na fremu zaweza kudanganya umri. Habu ina cheti cha kuzaliwa, ili mradi hakuna aliyeibadilisha. Spoku za nyuma ni 40, za mbele 32, kama Waingereza walivyozoea, kwa hiyo akija mtu kukuuzia ringi ya matundu 36 kwa bei ya kutupa, mwachie aitupe mwenyewe.

Kuifungua baiskeli ya aina hii kunaanzia kwenye kota pini, zile pini mbili zinazoshika mikono ya pedali. Jioni unatia mafuta ya kulegeza. Asubuhi unafungua nati hadi iwe sawasawa na ncha ya pini, ili nyundo isiharibu nyuzi, ile mikato ya skrubu. Unasimamisha kipande cha bomba nene kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa pedali, pini ikiwa na nafasi ya kushukia ndani ya bomba, kisha unapiga pigo moja zito. Wanaogonga-gonga kwa nyundo ndogo huikunja pini ndani ya tundu lake, na hapo kinachobaki ni drili na maombi. Asiyeweka bomba, pigo lote linapita kwenye gololi na kuchimba vishimo kwenye kikombe chake. Pini ya Kiingereza ni ya inchi 3/8, yaani milimita 9.5. Mpya ya dukani hupigwa tupa kidogo kidogo kwenye uso wake bapa, na huingizwa kwa kupishana, moja kutoka juu na moja kutoka chini, la sivyo pedali zitakuwa kama mguu wa kiwete. Zangu zilitoka kwa pigo moja moja. Jirani aliyekuwa anachungulia juu ya ua akasema, "Pole, kijana."

Sasa tuje kwenye nati ya shingoni, ile inayokaza uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa sababu kesi yote iliishia kwake.

Baiskeli nyingi za Kiingereza zina nyuzi 24 kwa inchi kwenye shingo ya uma. Raleigh walikata nyuzi 26. Kwa macho matupu huoni tofauti. Weka rula shingoni, hesabu nyuzi zilizomo ndani ya nusu inchi: zikiwa 13 ni Raleigh, zikiwa 12 ni nyingine. Humber walionunuliwa na Raleigh mwaka 1932, na Rudge walionunuliwa mwaka 1943, nao wapime hivyohivyo kabla ya kutoa pesa. Nati ya dukani ya nyuzi 24 inapanda mzunguko mmoja kwa ukarimu wote, halafu inakaza. Fundi asiyejua anadhani ni uchafu, anafuata spana ndefu, na kuanzia hapo una uma wa kufungia mbuzi. Ndiyo maana mimi natembea na kipande cha shingo ya uma uliovunjika mfukoni. Pale sokoni Mbuyuni fundi mzee akinimwagia kopo la nati, najaribisha moja moja: ikipanda kwa vidole hadi mwisho, nalipa bila kuuliza bei mara ya pili. Makopo mengi humalizika bila kulipa chochote.

Pipani nilikuwa nimezamisha uma, usukani, sahani ya mnyororo yenye umbo la korongo, na vyuma vya breki. Vitu vidogo, pamoja na ile nati ya shingoni, vilikuwa ndani ya mfuko wa nyavu wa vitunguu uliofungwa kwa kamba kwenye ukingo wa pipa. Habu haiingii humo, maana molasi ikipenya kwenye gia itakuachia gundi. Wala chochote cha aluminiamu, maana kitaliwa. Na siti ya ngozi ya Brooks usiisogeze hata karibu. Uma unauzamisha huku ukiugeuza-geuza hadi umalize kutoa hewa, la sivyo ndani ya mabomba yake kutu itaendelea kuishi bila kulipa kodi.

Pembeni kulikuwa na jiko la mchina lenye sufuria ya grisi, kwa sababu mnyororo wa zamani huoshwa kwa mafuta ya taa kisha huchemshwa taratibu kwenye grisi ili ipenye hadi kwenye pini zake. Kulikuwa na mpira wa kunyonyea, faneli, na vyuma vyembamba vya breki vilivyopinda pembe hii na ile, vimepangwa juu ya gunia kwa mpangilio wa kurudishia. Pipa linalotoa povu, moto, mpira, faneli na vyuma vilivyopinda. Hata mimi ningejikamata.

Balozi wa nyumba kumi aliingia na mgambo wawili.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Mwanangu, tumeletewa taarifa."

"Taarifa gani, mzee?"

"Inanuka hadi barabarani."

Mgambo mmoja akafunua pipa. "Mapovu haya hapa!" Nikasema ukweli, kwamba ni molasi na maji tu, hakuna kingine. Katika kesi ya gongo, huko ndiko kukiri kwenyewe. Mgambo wa pili alikuwa ameshashika chuma cha breki na anakikagua kama daktari.

"Na hili bomba?"

"Si bomba, ni breki."

"Breki ya nini?"

"Ya baiskeli."

"Baiskeli iko wapi?"

"Nyingine iko ndani, nyingine iko pipani."

Balozi alimtazama mgambo, mgambo akakunja mkono wa shati, akauzamisha hadi kwenye kiwiko na kuibuka na uma wa Raleigh unaochuruzika maji meusi. Akaugeuza. "Sasa hii ndiyo wanayotilia ukali," akamweleza balozi kwa sauti ya mtu aliyesomea. Mwenzake alichovya kidole, akaonja, akafumba macho kidogo, akatema. "Bado changa," akasema. Balozi alimkazia macho muda mrefu kuliko alivyonikazia mimi.

Hukumu ilikuwa fupi: kinywaji kimwagwe mtaroni, uma ubaki kielelezo. Waliliinamisha pipa wote wawili, kamba ya mfuko wa vitunguu ikakatika, nyavu zikachanikia kwenye ukingo wa bati, na kila kitu kidogo cha mwaka 1954 kikateremka na maji kuelekea kwa jirani. Nilipiga kelele. Wakasema nimeona hasara ya biashara.

Nikawaambia kielelezo chao kitaharibika. Hilo halikuwa ujanja. Chuma kilichotoka kwenye molasi kiko uchi. Kikikauka chenyewe juani kinaota kutu mpya ya rangi ya chungwa hata kabla hujamaliza chai. Lazima kioshwe kwa maji mengi na brashi, kimiminiwe maji ndani ya mabomba, kikaushwe kwa kitambaa, kipashwe moto kidogo, kipakwe mafuta saa ileile. Balozi akaruhusu, chini ya ulinzi. Nikaosha kielelezo huku mgambo amesimama na rungu. Uchafu ulipotoka, weusi ukaanza kung'aa, na mistari myembamba ya dhahabu ikajitokeza kwenye miguu ya uma. Balozi alivua kofia.

"Hii ni Raleigh," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mbona hukusema?"

Kuanzia hapo walikuwa wafanyakazi wangu. Nilitoa sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kamba, mgambo aliyeonja akawa anaiburuta mtaroni kama anavua perege. Vilirudi vishikio vya mpira wa breki, bolti zake, nati za kota pini, na kijiko ambacho si cha baiskeli. Nati ya shingoni haikurudi. Tulifuata mtaro hadi pale maji yanapotuama nyuma ya kwa jirani, na hapo tukakuta nguruwe.

Molasi iliyochanganywa moja kwa tisa ikichachuka, kileo chake ni hafifu kuliko cha bia, lakini nguruwe hanywi kwa glasi. Alikuwa ameanza juu ya mtaro akashuka nao hadi bwawani, na alipofika mwisho wa kinywaji akaona hakuna sababu ya kurudi. Alilala ubavu, anakoroma, masikio yamefunika macho. Sumaku ilipopita karibu na tumbo lake, kamba ikavutika chini.

"Iko chini yake," mgambo akasema.

"Nguruwe wangu asiguswe!" Jirani alikuwa ameshafika na fimbo. "Mmemlewesha, na sasa mnataka kumvunja mbavu?"

Walijaribu kumwinua kwa heshima, watu wazima watatu, wakaishia kuteleza. Balozi akaletewa kigoda, tukakaa kumsubiri. Ili muda usipotee nilileta fremu, nikawafundisha kupanga gololi za shingo: za inchi 5/32, 25 juu na 25 chini, zikilazwa kwenye grisi nzito ili zisidondoke. Zikijaa kikombe na kubaki pengo dogo lisilotosha nyingine, ndiyo hesabu sahihi. Mtu akijaribu kushindilia ya 26, usukani utakwama-kwama kila ukigeuza. Balozi alipanga kikombe cha chini peke yake, bila kudondosha hata moja, na hakutaka kusaidiwa.

Jua lilipopungua makali nguruwe akajiinua, akayumba, akamtazama kila mmoja wetu kwa lawama, akaondoka. Kwenye umbo alilolichora matopeni, palipokuwa ubavu, nati ilikuwa imekaa. Niliisuuza, nikaipiga brashi ya waya kwenye nyuzi, nikaijaribisha kwenye kile kipande changu cha mfukoni. Ikapanda kwa vidole hadi mwisho.

Jirani hakushangilia. Alitaka kujua kama ile dawa ya kutu imebaki, kwa sababu nguruwe wake tangu anunuliwe hajawahi kulala mchana bila kuvunja ua. Nilimkatalia iliyotumika: ina chuma kilichoyeyuka, na rangi za zamani za Kiingereza zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo hata alichokunywa leo kilishanitia wasiwasi. Nikampimia molasi safi kutoka kwenye dumu, ambayo ni chakula cha mifugo tangu mwanzo.

Akaipokea, akainusa, akamgeukia balozi. "Na kama ikichachuka yenyewe ndani ya bakuli lake, hiyo kesi itakuwa ya nani?"

Balozi alikuwa bado anahesabu gololi za kikombe cha juu. "Ya nguruwe," akasema, bila kuinua kichwa.